Kabla Hujanunua Amplifaya Nyingine

Ninyi mlioko Ndalambo, Nkangamo, Ikana na Kamsamba, ninyi wa Tunduma mjini mnaofunga hesabu za siku, ninyi wa Vwawa na Mlowo, na jirani zetu wa Nakonde mnaotusikiliza kutoka ng'ambo ya mpaka, wote nawakaribisha. Leo nazungumza na mtu mmoja hasa: yule ambaye amplifaya ya nyumbani kwake imekufa, na ameshatenga hela ya kununua nyingine.

Kwa nini leo? Kwa sababu huu ndio msimu wake. Mahindi yamevunwa, alizeti imepimwa, na watu wanapanda magari kwenda Tunduma kununua vitu vya ndani. Na pia kwa sababu nyumba zetu zimebadilika. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu walivyosikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam kwa vikundi. Redio moja, watu wamekaa kuizunguka, wakimaliza kusikiliza wanajadili. Sauti ilikuwa mahali pamoja, na watu waliifuata pale ilipo. Siku hizi mtu anajenga Ndalambo, na kabla dari haijapigwa anamwambia fundi umeme apitishe nyaya za spika: mbili sebuleni, mbili barazani, moja jikoni, moja katika duka la mbele. Mama akiwa jikoni anapata taarifa ya habari, kijana aliye dukani anaipata hiyo hiyo. Mimi nalipenda jambo hili. Redio inayosikika kila chumba inafanya nyumba nzima ipate habari kwa wakati mmoja, naye anayepika hapitwi na chochote.

Sasa ile amplifaya inayolisha spika zote hizo imezimika. Ununue ipi? Jibu langu nalitoa mapema, na nitalirudia mpaka ulizoee: anza na spika na nyaya ulizonazo, halafu ndipo uende dukani. Spika kwanza, boksi baadaye.

Lakini subiri. Una hakika imekufa?

Nauliza kwa sababu baadhi ya amplifaya zinazopelekwa kwa fundi zikiwa "zimekufa" zimejifunga tu. Amplifaya nyingi za sebuleni, hasa zile zenye redio ndani yake ambazo wengi tunaziita risiva, zina ulinzi. Zikihisi hatari kwenye nyaya za spika, zinakata sauti, taa inawakawaka au kioo kinaandika neno la ulinzi, basi. Fanya hivi. Zima, chomoa kwenye umeme, kisha toa nyaya zote za spika kule nyuma. Zote. Halafu washa tena. Ikikaa imewaka bila kujizima, ujue ugonjwa huenda hauko ndani ya amplifaya. Uko kwenye nyaya zako au kwenye spika mojawapo. Panya amekula waya juu ya dari na shaba mbili zimegusana. Au msumari wa dari umepita katikati ya waya. Rudisha spika moja baada ya nyingine, kila mara ukizima kwanza, na ile itakayoizimisha ndiyo yenye tatizo.

Umeona faida yake? Mtu asipofanya hivi anakwenda Tunduma, ananunua amplifaya mpya, anaifunga kwenye waya ule ule uliogusana, na mpya nayo inaungua. Hapo anasema vitu vya siku hizi ni feki, kumbe waya wa jikoni ndio unaoua.

Na kama imeungua kweli, bado muulize fundi redio kabla hujaitupa. Nimekaa kwenye meza ya fundi mmoja mjini Tunduma nikimtazama akifanya kazi. Amplifaya nyingi zinazoletwa kwake zimeungua transista za kutolea sauti, zile pana zinazofungwa kwa skrubu kwenye bati la kupoozea joto. Kuna jozi ambayo kila fundi anaijua kwa moyo: 2SC5200 na mwenzake 2SA1943. Fundi huyu alichukua moja ya bandia iliyoungua, akaivunja kwa koleo na kunionyesha. Ndani, kipande cha silikoni kinachofanya kazi yote kilikuwa chembe ndogo tu. Kisha akavunja ya asili iliyokufa kwa uzee, na kipande chake kilikuwa kikubwa mara kadhaa. Kwa nje zinafanana, maandishi yale yale. Ndiyo maana amplifaya inatengenezwa leo na kufa wiki ijayo. Kwa hiyo ukimpa fundi kazi, mwambie uko tayari kulipia transista ya asili. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na kununua amplifaya nzima.

Haya. Tuseme fundi ametikisa kichwa, haitengenezeki. Sasa tunanunua. Narudia: spika kwanza.

Pita chumba kwa chumba ukihesabu spika. Kisha geuza moja moja na usome nyuma ya sumaku au kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye kasha. Utaona namba, 4, 6 au 8, na pembeni yake alama ya duara lililo wazi chini. Hiyo ni omu. Andika kwenye daftari: sebuleni mbili, omu 8, barazani mbili, omu 8, jikoni moja, dukani moja. Kama maandishi yamefutika, fundi ataipima kwa mita yake. Ajue tu kwamba spika ya omu 8 kwenye mita husoma pungufu kidogo, kama 6 na kitu, na ya omu 4 husoma 3 na kitu. Hiyo ni kawaida.

Kwa nini nang'ang'ania omu? Kwa sababu omu ndiyo inayoamua kama amplifaya mpya itaishi. Kadiri omu zinavyopungua ndivyo mzigo unavyokuwa mzito. Na ukiunganisha spika mbili kwenye tundu moja, omu hazijumlishwi, zinapungua. Spika mbili za omu 8 zikifungwa pamoja sambamba, amplifaya inaona omu 4. Tatu, inaona chini ya 3. Nne, inaona 2. Ng'ombe wawili waliozoea mkokoteni mmoja, ukiwafungia mikokoteni minne nyuma, watavuta hatua chache kisha watalala barabarani, na hapo ng'ombe hawana kosa.

Sasa turudi kwenye nyumba yetu ya Ndalambo. Spika sita za omu 8. Amplifaya ina upande wa kushoto na upande wa kulia. Mwenye nyumba anafunga tatu kushoto, tatu kulia. Kila upande unaona chini ya omu 3. Je, amplifaya aliyonunua inaruhusu hivyo? Ageuze nyuma, pale penye matundu ya spika, asome. Zile zenye jozi mbili za matundu, A na B, nyingine zimeandikwa wazi kabisa: ukiwasha A peke yake au B peke yake, spika zisiwe chini ya omu 8, ukiwasha A na B kwa pamoja, kila spika isiwe chini ya omu 16. Kumi na sita! Nani kwetu ana spika za omu 16? Karibu hakuna. Maandishi hayo yapo, yamechapwa kwenye bati, lakini nyuma ya amplifaya huelekea ukutani na hakuna anayeyasoma.

Je, kuna njia? Ipo. Fundi anaweza kuunganisha spika mbili kwa kufuatana, mkia wa moja kwenye kichwa cha nyingine. Hapo omu zinajumlishwa, 8 na 8 zinakuwa 16. Kisha anafunga jozi mbili za namna hiyo sambamba, na spika nne za omu 8 zinarudi kuwa omu 8 mbele ya amplifaya. Ubaya wake ni kwamba spika zilizofuatana zinategemeana: moja ikikatika, mwenzake naye ananyamaza. Na huwezi kupunguza sauti ya jikoni bila kugusa ya baraza. Lakini amplifaya inabaki salama, na kwangu mimi hilo linatangulia.

Nilimsikia mama mmoja mwenye gesti akizungumza na yule fundi. Fundi alimwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Nimekuja kuchukua ile kubwa yenye taa." Fundi hakukimbilia hela. Akamuuliza, "Mama, kule gesti una spika ngapi?" "Kumi, pamoja na za koridoni." "Za omu ngapi?" "Hilo sijui, mwanangu." Fundi akamwambia, "Basi mama, usinunue leo. Ukifika, geuza spika moja, upige picha ya maandishi yake, na picha ya nyuma ya ile amplifaya ya zamani, unitumie kwa WhatsApp." Mama akaondoka na hela yake. Fundi huyo angeweza kuuza siku ile ile, na alichagua kuuliza kwanza. Ukimpata fundi wa namna hiyo, mshike.

Kwa spika kumi za gesti, au za kanisa, msikiti au shule, ushauri wangu unabadilika kabisa. Hapo usihangaike na amplifaya ya sebuleni. Tafuta amplifaya ya matangazo, ile ambayo nyuma ina matundu yaliyoandikwa 100 V. Namna yake ya kufanya kazi ni nyingine. Kila spika inakuwa na transfoma yake ndogo, na kwenye transfoma unachagua wati: 3, au 6, au 10. Wewe kazi yako ni kujumlisha. Vyumba vinane kwa wati 3 ni 24, koridoni mbili kwa 6 ni 12, jumla 36. Amplifaya ya wati 60 inatosha na inabaki na nafasi. Waya unaweza kwenda mbali bila sauti kufifia, na kila chumba unaweza kukiwekea swichi yake ya kupunguza sauti. Kitu kimoja tu usifanye: usichomeke spika ya kawaida isiyo na transfoma kwenye tundu la volti 100. Utaiunguza. Na sauti ya mfumo huu wa volti 100 kwa muziki wa besi nzito si tamu sana, nasema ukweli. Ila kwa hotuba, mahubiri, habari na muziki wa kiasi, sijaona inayoushinda.

Turudi nyumbani. Dukani utaoneshwa vitu vya aina nyingi. Kuna sabufa yenye amplifaya ndani yake na vispika vyake. Hiyo ni nzuri kwa chumba kimoja, inaingiza flashi na bluetooth, na bei yake wengi tunaimudu. Lakini imetengenezwa kwa vispika vyake tu, usiiongezee spika za baraza na za duka. Kuna hom thieta ya boksi moja, deki na spika tano na sabufa. Hapa angalia: spika zake mara nyingi ni za omu 3 au 4, na pini zake ni za kwake peke yake. Spika zako za zamani haziingii, na zake haziendi kwingine. Deki ikifa, umebaki na spika zisizo na mwenyewe. Kisha kuna amplifaya inayosimama peke yake, na kuna risiva za mtumba kutoka Ulaya, Dubai na Japani. Kwa nyumba yenye spika vyumba vingi, mimi naegemea hizi mbili za mwisho.

Sasa wati. Kwenye boksi utaona wati 5,000, wati 12,000, herufi PMPO. Msikilizaji, usinunue namba hiyo. Ni ya kuvutia macho tu. Geuza nyuma, soma kibandiko kinachoeleza umeme unaotumika. Kama kinasema wati 60, basi kifaa hicho hakiwezi kutoa zaidi ya kile kinachokula kutoka ukutani. Kama hakuna kibandiko, tazama fyuzi. Fyuzi ya ampea 2 kwenye umeme wetu wa volti 230 haiwezi kubeba zaidi ya wati 460 kwa muda mrefu. Namba unayoitafuta ni ile yenye herufi RMS, tena iliyotajwa pamoja na omu zake. Wati 50 za kweli kila upande zinatosha nyumba. Ukitoka 50 kwenda 100, sikio litasikia nyongeza ndogo tu. Na katika nyumba zetu za bati na kuta za saruji, ukizidisha sauti unazidisha mwangwi, maneno yanachanganyikana. Spika sita zinazoongea kwa upole zinaeleweka kuliko moja inayopiga kelele.

Umeme nao. Hili ni muhimu hasa kwa mtumba. Umeme wetu ni volti 230, na wa Zambia ni huo huo, kwa hiyo kitu kilichouzwa kwa ajili ya Nakonde kitafanya kazi Ndalambo bila shida. Lakini kilichotengenezwa kwa soko la Japani ni cha volti 100, na cha Marekani ni cha volti 120. Ukikichomeka ukutani kwako moja kwa moja, kimekwisha. Kinahitaji transfoma ya kushusha umeme, na iwe na uwezo kuzidi ule unaoliwa na amplifaya. Nyuma ya nyingine kuna swichi ndogo ya kuchagua 110 au 220. Itazame kabla hujachomeka, kwa sababu ikiwa imekaa kwenye 110, matokeo ni yale yale.

Amplifaya nyingi pia zinakufa pale umeme unaporudi baada ya kukatika, au jioni umeme unapopanda na kushuka. Weka gadi inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme kupita. Na kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua zikiwa na radi, chomoa. Chomoa waya wa umeme, na chomoa waya wa antena na wa dishi pia. Radi hupita kwenye dishi, ikaingia kwenye king'amuzi, ikamalizia kwenye amplifaya.

Kuna jambo moja la risiva ambalo huwaumiza wengi, nisilisahau. Unanunua risiva yenye sehemu ya pili, yaani unaweza kusikiliza mpira sebuleni na wakati huo huo kwaya dukani. Umefika nyumbani, umefunga, sebuleni king'amuzi kinasikika, dukani kimya. Imeharibika? Hapana. Risiva nyingi haziwezi kupeleka sehemu ya pili sauti iliyoingia kwa waya wa HDMI, na nyingine hata ile inayoingia kwa waya wa mwanga. Zinapeleka tu sauti iliyoingia kwa zile pini nyekundu na nyeupe za zamani. Kwa hiyo kutoka kwenye king'amuzi au simu, pitisha pia waya wa pini nyekundu na nyeupe. Na dukani, kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akuonyeshe sehemu ya pili ikilia. Akuonyeshe, usikubali kuelezwa tu.

Nyaya nitazigusa haraka. Kutoka sebuleni hadi duka la mbele mita 20, umeme wa sauti unakwenda na kurudi mita 40. Kwa waya mwembamba wa milimita nusu ya mraba, omu moja na zaidi inapotelea njiani, na duka linasikia sauti iliyochoka. Kwa waya wa milimita mbili na nusu inapotea kama robo ya omu tu. Chuna ncha ya waya kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa. Inafanya kazi, lakini inataka unene zaidi.

Mwenye gesti au baa asisahau kibali cha hakimiliki kwa muziki anaowapigia wateja, na asisahau kwamba kanuni za mwaka 2015 za udhibiti wa kelele na mitetemo zinamlinda jirani yake aliyelala.

Basi siku ya kwenda Tunduma imefika. Beba daftari lako la omu. Beba spika moja ya nyumbani, ndiyo, ifunge kwenye boda uende nayo. Mwambie muuzaji aiwashe amplifaya na spika yako, muda wa kutosha, siyo wimbo mmoja. Punguza sauti hadi mwisho, weka sikio: mlio wa chini usiokoma ni dalili ya transfoma au kapasita iliyochoka. Zungusha vitasa vyote, sikiliza kama vinakwaruza. Dai risiti ya EFD, kwa sababu bila risiti warantii ni maneno. Kisha uliza swali ambalo mimi nalithamini kuliko yote: ikiharibika, fundi wa hapa Tunduma anaweza kuifungua na kuitengeneza? Amplifaya nzito yenye transfoma kubwa na transista zinazoonekana, fundi wetu anaijua. Ile nyepesi yenye bodi moja iliyojaa vidude vidogo inatumia umeme kidogo na haipati joto sana, lakini ikifa mara nyingi inabadilishwa bodi nzima, na bodi yake hapa haipatikani. Mimi kwa Ndalambo ningechukua nzito.

Ukiifikisha nyumbani, iache ipate hewa, usiivalishe kitambaa cha kufuma wala usiweke king'amuzi juu yake. Siku ya kwanza iwashe na spika za sebuleni peke yake. Baada ya saa moja weka kiganja juu yake. Joto la kawaida, sawa, ongeza baraza. Ikiwa huwezi kuacha kiganja hapo, zima, na uhesabu omu upya na fundi wako.

Wasikilizaji kadhaa wa vijiji ambavyo umeme wa gridi haujafika wanataka kujua kuhusu amplifaya za volti 12 na inveta za sola. Hilo lina mambo yake, betri, mngurumo wa inveta na unene wa nyaya, nalo ndilo tutakalozungumza wiki ijayo saa kama hii.